Dadi Alikuwa Anampulizia Nani Dirishani?

"Rudisha nyuma hapo."

"Wapi, mama?"

"Hapo alipomtaja huyo mwanamke."

Ikram akaificha simu kifuani.

"Mama, hao ni wazee wanakumbuka mambo yao ya dansi. Achana nao."

"Ikram, nimekuzaa mimi au umenizaa wewe? Rudisha."

Ikram akarudisha. Sauti ya mwanamke anayeitwa Wema ikajaa ua mzima, na kicheko chake juu:

"Jamani, mmeusahau ule wimbo wa taratibu? Ule ambao Dadi alikuwa anatupa mgongo ukumbi mzima, anakwenda dirishani, tarumbeta nje, anamlilia mwanamke wake wa Uvira! Mwenzenu nilikuwa naona wivu mpaka bia hainipiti kooni!"

Chini ya sauti hiyo watu walishaandika. Ikram hakutaka kusoma, mama yake akamkazia macho, akasoma.

"Huyo wa Uvira tulikuwa tunamjua wote."

"Nasikia alikuwa anakuja na boti, anasikilizia majini."

"Dadi alikuwa fundi, bwana. Mke Bangwe, roho Kongo."

Zaitun alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo, anatoa mchanga. Akauweka ungo chini. Kuku wakaja wakala dagaa, wala hakuwafukuza.

Sasa ngoja niwaambie watu wenyewe, msije mkapotea. Dadi ni mume wa Zaitun na baba wa Ikram. Zamani alikuwa mpuliza tarumbeta wa Mgebuka Jazz, bendi iliyokuwa inapiga kila Jumamosi kule Kibirizi, kwenye ukumbi uliojengwa karibu kabisa na maji. Bendi ikafa, ukumbi ukabomolewa, Dadi naye meno ya mbele yakamtoka, na mpuliza tarumbeta asiye na meno ya mbele hana kazi tena. Siku hizi anatengeneza taa za sola za wavuvi wa dagaa, palepale Kibirizi. Mashabiki wake wamezeeka magoti lakini midomo ipo vilevile. Wamefungua kundi la WhatsApp, wakaliita Mgebuka Hatuzeeki, na wamepanga kukutana Jumamosi kumkumbuka Dadi wa enzi zile. Dadi mwenyewe simu yake ni ya vitufe, kwa hiyo Ikram ndiye aliyeingia kundini kwa niaba yake.

Na Zaitun? Zaitun hajawahi kukanyaga ukumbi ule hata siku moja. Yeye ni binti wa Maalimu Abdul wa Ujiji, Mungu amrehemu, aliyefundisha Kurani nusu ya mji. Dansi kwake lilikuwa jambo la kupitia upande wa pili wa barabara.

"Nipigie baba yako," akasema.

"Mama..."

"Nipigie."

Simu ikaita, ikapokewa. Huko nyuma zikasikika injini za boti.

"Haloo, mama Ikram."

"Dadi, mwanamke wako wa Uvira anaitwa nani?"

Huko kitu cha chuma kikaanguka.

"Nani kakwambia?"

Wanaume jamani! Majibu yote yaliyoko duniani, yeye akachagua hilo.

"Kumbe yupo!"

"Sijasema yupo. Nimeuliza nani kakwambia."

"Njoo nyumbani."

"Nina taa ya watu hapa nimeshaifungua tumbo..."

"Dadi!"

"Nakuja."

Alipofika nyumbani Bangwe, bisibisi bado iko mfuko wa shati, alimkuta mkewe amekaa kwenye mkeka, begi pembeni. Ikram akataka kutoka.

"Kaa," mama yake akamwambia. "Nataka shahidi."

Dadi akavua kofia, akakaa kwenye kizingiti.

"Zai, hakuna mwanamke wa Uvira."

"Ukumbi mzima unamjua."

"Ukumbi mzima unamsikia. Hakuna anayemjua."

"Ulikuwa unakwenda dirishani au huendi?"

"Nilikuwa nakwenda."

"Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi."

"Unawapa watu mgongo?"

"Nawapa mgongo."

"Unampulizia nani huko majini? Samaki?"

Dadi akajikuna shingo. Akamtazama binti yake, akamtazama mkewe, akasema kwa sauti ya chini:

"Nilikuwa nakupulizia wewe."

Zaitun akacheka kicheko kibaya, kile ambacho mtu akikisikia anatamani bora angetukanwa.

"Mimi? Mimi nilikuwa hapa Bangwe."

"Ndiyo. Dirisha lile lilikuwa linatazama huku."

"Umeulizwa leo, umetunga leo. Zaidi ya miaka thelathini nimekupikia, hukuwahi kusema. Leo Wema kasema, ndiyo na wewe umekumbuka!"

"Ningesemaje, Zai? Umelisahau sharti la baba yako?"

Hapo Zaitun akalivuta begi karibu. Ikram akawatazama mmoja mmoja.

"Sharti gani?"

Dadi ndiye aliyemjibu.

"Nilipokwenda kumposa mama yako, Maalimu alinikalisha kitako. Akasema, 'Kijana, una adabu, unaswali, nakupa mwanangu. Ila hilo tarumbeta lako liishie hukohuko. Siku binti yangu atakapolisikia ndani ya nyumba yake, nakuja kumchukua, na ndoa imekwisha.' Nikakubali mbele ya mashahidi. Tarumbeta halikuwahi kuingia humu ndani. Lilikuwa linalala kwa Nikodemu, mpiga besi wetu."

"Kwa hiyo ukalileta kwa kupitia dirishani?" Ikram akauliza, na alitaka kucheka, akajizuia.

"Nilikuwa kijana. Sikujua hata kama linafika." Akamgeukia mkewe. "Zai, lilikuwa linafika? Ulikuwa unasikia?"

Zaitun akasimama, akachukua begi.

"Sijawahi kusikia kitu."

Alijibu upesi mno. Ikram aliliona hilo, Dadi hakuliona, maana alikuwa ameinamisha kichwa. Na nyinyi mnaosema mwanamke mtu mzima anaachaje nyumba kwa maneno ya wazee wa WhatsApp, subirini. Kuna jambo Zaitun alikuwa analijua peke yake, na ndilo lililokuwa linamchoma.

Bajaji ikampeleka Ujiji.

Kaka yake, Musa, alimpokea kwa uso wa mtu aliyekuwa anaisubiri siku hiyo. Kumbuka Musa ndiye aliyekuwa shahidi wa sharti lile, na hajawahi kumpenda shemeji yake. Akamkaribisha dada yake ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, akamwacha ale matonge mawili, kisha akaanza.

"Nilisema mimi. Mpiga dansi ni mpiga dansi."

"Kaka, naomba nile."

"Kula. Jumapili namwita hapa, naita na wazee wawili wa msikitini. Akupe talaka yako kwa heshima, urudi kwenye nyumba ya baba yako. Unaitaka au huitaki?"

Zaitun akatoa mwiba wa samaki, akauweka pembeni ya sahani.

"Kama alikuwa na mwanamke, naitaka."

"Kama? Si kila mtu anajua?"

"Kila mtu amesikia," Zaitun akasema, na akajishangaa kwamba maneno ya Dadi ndiyo yaliyomtoka.

Siku zikapita, Ikram akija na kuondoka. Hakuwa na raha. Anaye mchumba, kijana anayeitwa Yusufu, na anajua maneno ya mjini: mama kaachika kwa ajili ya dansi, binti naye tutamwoa vipi? Lakini hilo hakulisema. Alichosema ni hiki:

"Baba hali. Anakunywa chai tu."

"Atakula akisikia njaa."

"Mama, kuna kitu hunambii."

"Wewe kuna vitu vingapi huniambii mimi?"

Ijumaa mchana simu ya Zaitun ikalia. Ujumbe. Dadi haandiki ujumbe, vidole vyake vimezoea nyaya, kwa hiyo ulikuwa umejaa makosa, lakini ulisomeka:

"Zai kesho njoo kibirizi. waulize waloona. mimi hutoniamini na sikulaumu. wakisema kuna mwanamke nitakuja kwa musa jumapili bila kuitwa"

Zaitun akausoma mara tatu. Akamwonyesha kaka yake.

Musa akaruka.

"Binti wa Maalimu Abdul kwenye mkutano wa walevi!"

"Ni alasiri, kaka. Ni wazee wanakunywa soda."

"Baba angesema nini?"

"Baba angesema usimhukumu mtu bila ushahidi. Alikuwa anawafundisha hivyo watoto wa watu, nilikuwa nasikia toka jikoni."

Musa akaondoka kwenda kuswali, na alikuwa na nusu saa nzima kabla ya adhana.

Jumamosi alasiri, Kibirizi. Pale palipokuwa na ukumbi siku hizi wanaanika dagaa. Mashabiki walikuwa wamefunga turubai, wamepanga viti vya plastiki, na spika moja inayokoroma. Kipaza sauti alikuwa nacho Pastory, aliyekuwa mpakiaji wa mizigo bandarini, Muha mwenye sauti nene, aliyejipa uenyekiti wa mashabiki na hakuna aliyempinga. Dadi alikuwa amekalishwa mbele kama bwana harusi, shati la kitenge, mikono mapajani. Hakuwa na furaha.

"Mimi nakumbuka siku umeme ulipokatika!" Pastory alikuwa anasema. "Giza totoro. Magita kimya. Watu wameanza kuzomea. Huyu bwana akaendelea peke yake gizani! Tukacheza na tarumbeta tupu mpaka jenereta ikawaka, na ilipowaka, mimi nilikuwa nimemkumbatia mke wa mtu!"

Watu wakacheka mpaka viti vikalia.

"Mimi nakumbuka kwenye chemko, pale wimbo unapoongeza kasi," mama mmoja akadakia toka nyuma. "Alikuwa anashuka jukwaani, anakuelekezea tarumbeta miguuni. Usipocheza vizuri haondoki! Nilivua viatu nikacheza pekupeku."

"Na leso yake! Kila akimaliza anafuta midomo, anaikunja pande nne, anairudisha mfukoni. Watu tulikuwa tunagombea kuiiba."

"Aliyeiiba ni Wema!"

"Mwongo! Niliokota!"

Hapo ndipo Zaitun alipoingia chini ya turubai, baibui jeusi, Ikram nyuma yake. Vicheko vikapungua kimoja kimoja. Walikuwa hawamjui kwa sura wengi wao, lakini walimwona Dadi alivyosimama, wakajua.

"Shemeji," Pastory akasema, "karibu. Karibu kiti."

"Asante. Sikuja kukaa. Nipe hicho."

Akapewa kipaza sauti. Alikuwa hajawahi kukishika, akakisogeza mdomoni kwa woga, kikapiga kelele, akakirudisha nyuma.

"Asalaam aleikum. Mimi ni Zaitun. Mke wa huyu. Nina swali moja tu, halafu niwaachie shughuli yenu. Nani kati yenu alimwona mwanamke wa Uvira?"

Hata spika ikaacha kukoroma.

"Nani alimwona? Kwa macho yake. Anyooshe mkono."

Pastory akamtazama Wema. Wema akatazama kucha zake.

"Wewe ndiye Wema?"

"Ndiye mimi, dada yangu. Na kama nimekukosea..."

"Hujanikosea bado. Ulimwona?"

"Kumwona, sikumwona. Niliambiwa."

"Na nani?"

Wema akanyoosha kidole. Kidole kikaenda moja kwa moja kwa Dadi.

Watu wakaguna. Ikram akafumba macho.

"Ni kweli," Dadi akasema. Hakuwa na kipaza sauti lakini kila mtu alimsikia. "Mimi ndiye niliyesema. Wema alinibana siku moja baada ya dansi, 'Unampulizia nani huko nje?' Ananiuliza mbele ya watu, na mmoja wao alikuwa mwanafunzi wa mkwe wangu, kaja kuchungulia. Nikasema la kwanza lililonijia. Nikasema, yupo Uvira. Jumamosi iliyofuata ukumbi mzima ukawa nalo. Nikaliacha."

"Ukaliacha!" Zaitun akasema. "Ukaniacha nichekwe!"

"Nilipima, Zai. Mkwe akisikia nina mwanamke ng'ambo, atanigombeza, atanisemea msikitini, yataisha. Akisikia nampelekea binti yake dansi mpaka kitandani, anakuchukua. Nilichagua kugombezwa."

"Maneno hayo. Ushahidi uko wapi?"

Pastory akakohoa.

"Shemeji, naomba niseme kitu. Mimi nimepakia mizigo ya Uvira maisha yangu yote. Uvira iko kule." Akanyoosha mkono kaskazini, kwenye milima inayokwenda Gombe na Mwamgongo. "Boti ikitoka hapa inashika kule. Sasa dirisha la ukumbi lilikuwa ukuta huu hapa. Msingi wake huo, dagaa wameanikwa juu yake. Linatazama wapi?"

Watu wote wakageuka. Waliokaa wakasimama. Mbele yao maji ya ghuba, na ng'ambo ya ghuba, upande wa kusini, nyumba za Bangwe na mabati yake yanang'aa kwa jua.

"Yesu na Maria," akasema mama wa pekupeku. "Miaka yote tunasema Kongo."

"Ni kwamba tukiona maji tunasema Kongo," Pastory akasema. "Mimi mwenyewe nilisema. Sikuwahi kufikiria."

Zaitun alitazama ng'ambo kwa muda. Lakini hakuwa mtu wa kushawishika kwa ukuta mmoja.

"Bangwe ina wanawake wengi."

"Hilo nalo neno," mtu akanong'ona.

Nikodemu, mpiga besi, aliyekuwa kimya muda wote na fimbo yake, akainuka.

"Shemeji Zaitun. Mimi ndiye niliyelilaza tarumbeta lake kwangu. Wimbo ule sisi wanabendi tulikuwa tunauchukia, na nitakwambia kwa nini. Tarumbeta sauti inakwenda linakoelekea. Akilitoa nje ya dirisha, sauti yote inatoka nje. Ndani tunabaki na magita yetu, na watu wamelipa kiingilio! Nilimgombeza mara ngapi? Dadi?"

"Kila wiki."

"Kila wiki. Ananijibu, 'Nyie mnazo nyimbo zingine zote za usiku. Niachieni huu mmoja.'"

"Kweli kabisa," Wema akasema. "Tulikuwa tunamwona mgongo tu, mabega yanapanda yanashuka. Wanawake tulikuwa tunalia kwa ule mgongo. Kusikia, tulikuwa hatusikii vizuri."

"Mnaukumbuka wimbo wenyewe?" Ikram akauliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema pale, na hakuuliza kwa ujanja, aliuliza kwa sababu hajawahi kuusikia.

"Si ule wa taa-ra-raa..." Pastory akaanza.

"Huo ni wa Krismasi!"

"Basi ule wa tii-ra-ra, tii-ra..."

"Hapana, Pastory, huo ulikuwa wa kufungia."

"Kanda yake ipo?"

"Haukurekodiwa," Nikodemu akasema. "Magita yetu nayakumbuka. Alichokuwa anapuliza nje, sikijui. Nilikuwa simsikii."

Wakaanza kubishana. Kila mtu alikuwepo, kila mtu anakumbuka shati alilovaa Dadi, alivyoegemeza goti ukutani, alivyofumba macho, alivyorudi jukwaani jasho linamtiririka. Wimbo hakuna aliyekuwa nao. Wazee wale walikuja kumkumbuka mpuliza tarumbeta, na wimbo wake mkubwa kuliko yote hawakuwa nao hata kipande.

Kisha spika ikatoa sauti ndogo.

Zaitun alikuwa anaimba. Hakufungua mdomo, alikuwa anauimbia ndani, mmmm, kipaza sauti kimegusa kidevu chake. Taratibu kabisa mwanzoni, sauti inapanda ngazi mbili, inashuka moja, inangoja. Nikodemu akaacha fimbo yake ikaanguka. Vidole vyake vya kushoto vikaanza kutembea hewani, vinatafuta besi, vikaipata, kwa sababu ndio huo wimbo, zile ngoja ngoja zake zote zilikuwa zinaangukia pale magita yalipokuwa yanajaza. Zaitun akaendelea, macho chini, akaupandisha mpaka juu kabisa, akauteremsha, akaumaliza. Wote, mwanzo mpaka mwisho.

Hakuna aliyepiga makofi. Dadi alikuwa amesimama katikati ya viti.

"Umeutoa wapi huo?"

Zaitun akafuta kipaza sauti kwa ncha ya baibui.

"Zai, huo wimbo haujarekodiwa. Ukumbini hukuwahi kuingia. Umeutoa wapi?"

"Nilikuwa nausikia."

"Lini?"

"Kila Jumamosi. Ziwa likitulia, watoto wakilala, nilikuwa nausikia. Nyimbo zenu zingine zilikuwa zinakuja kelele tupu, kama watu wanaopita mbali. Huo mmoja ulikuwa unakuja wote, mpaka chumbani. Nikawa nasema moyoni, ni upepo tu, ni bahati yangu tu. Nikaufanya wangu." Machozi yakamshuka, hakuyafuta. "Halafu naambiwa ulikuwa wa mwanamke wa Uvira! Wimbo wangu! Nimenyimwa dansi, nimenyimwa redio ya dansi, nina kitu kimoja nimekiokota, na chenyewe kumbe ni cha mtu! Unafikiri niliondoka kwa sababu ya wivu? Niliondoka kwa sababu niliona nimekuwa mwizi ndani ya nyumba yangu."

"Lakini nilikuuliza juzi kama ulikuwa unasikia. Ukasema hukusikia kitu."

"Nimezoea kusema hivyo."

"Kwa nini, Zai?"

"Si sharti! Ningesema nimelisikia, baba angekuja kunichukua. Alikuwa ananiuliza kila Idi, 'Zaitun, tarumbeta unalisikia?' Namwambia, 'Hapana, baba.' Mimi! Binti wa Maalimu! Nimemdanganya baba yangu mpaka anaingia kaburini, kwa sababu nilikuwa sitaki kuchukuliwa."

Mama wa pekupeku akaanza kulia waziwazi. Wema alishaanza zamani. Pastory akageuka, akajifanya anarekebisha turubai, na turubai halikuwa na tatizo lolote.

Dadi akamfikia mkewe. Hawa ni watu wa Ujiji na Bangwe, hawakumbatiani mbele za watu, kwa hiyo alichukua kile kipaza sauti mkononi mwake, akampa Pastory, na mkono wa mkewe akabaki nao.

Simu ya Zaitun ikaita ndani ya mkoba. Ikram akaitoa, akatazama.

"Ni mjomba Musa."

"Weka sikioni."

"Zaitun!" Sauti ilikuwa kali mpaka wa jirani waliisikia. "Wazee nimeshawaambia. Kesho baada ya swala ya adhuhuri. Umewasikia hao walevi wamesemaje?"

"Nimewasikia, kaka. Waambie wazee wapumzike."

"Wapumzike? Na sharti la baba?"

"Limevunjwa, kaka. Lilivunjwa zamani, na tuliovunja ni wawili. Nitakuja Jumatatu kuchukua begi langu, na nitakueleza."

"Unasema nini wewe?"

"Nasema narudi kwangu. Msalimie wifi."

Ikram akakata simu. Kisha akatuma ujumbe kwa Yusufu, neno moja tu, "Wamepatana," akasahau kwamba hakuwahi kumwambia kama waligombana.

Mashabiki hawakuwaacha waondoke upesi. Nikodemu alitaka Zaitun aurudie ili yeye ashike besi yake vizuri, na Zaitun akakataa katakata mara mbili, akaurudia mara ya tatu. Wema akaomba msamaha, Zaitun akamjibu kwamba amemsamehe, ila leso ya mume wake airudishe.

Bajaji iliwashusha barabarani Bangwe jua bado lipo, wakaenda nyumbani kwa miguu, Ikram mbele, wao nyuma, wanatembea polepole kwa sababu ya goti la Dadi.

"Kwa huyo wa Uvira," Zaitun akasema, "sijakusamehe. Usije ukadhani."

"Sidhani."

"Ungetafuta hata mji mwingine. Uvira kila mtu anakwenda."

"Kweli, nilikosea."

Wakatembea.

"Zai."

"Nini tena?"

"Pale juu kabisa, kabla ya kuteremka. Leo umefika vizuri. Mimi karibu kila Jumamosi nilikuwa napakosa, midomo inakuwa imeshachoka, sauti inapasuka. Ukumbini hakuna aliyejua hata siku moja. Na hilo ulikuwa unalisikia?"

"Nilikuwa nalisikia."

"Ukawa unanicheka."

"Nikucheke nini? Nilikuwa nimekaa kitandani, mtoto kifuani, nakuombea dua ufike."